Waheshimiwa Kumi na Wanane na Bomba Moja la Majitaka

Nchi ninayoisimulia haiko hapa. Nalisema hili mapema ili wasomaji wenye vyeo waendelee kunywa chai yao kwa amani. Iko mbali, nyuma ya milima, na kwa sasa haina hata jina, kwa sababu jina lake lilipelekwa kamatini kufanyiwa marekebisho na kamati haijatimiza akidi. Wananchi wake huiita "hapa kwetu", nami nitafuata desturi hiyo kwa heshima zote.

Hapa kwetu palikuwa na shule ya bweni ya wasichana juu ya kilima, kijito chini ya kilima, na bomba la majitaka. Bomba hilo lilibeba uchafu wa wasichana mia nne pamoja na wa mji ulio nyuma yetu, likavuka kijito, likaenda kwenye mabwawa ya upande wa pili ambako, kwa maelezo ya Wizara, uchafu hukaa ukatafakari hadi ukajirekebisha. Wajenzi walilizika chini ya kijito kwa adabu. Lakini kijito hakikusoma mchoro. Kila msimu wa mvua kilikula ukingo kidogo na kuchimba sakafu yake kidogo, mpaka bomba likabaki wazi hatua ishirini nzima, limelala hewani juu ya nguzo mbili ambazo nazo maji yalikuwa yanazichimba miguu.

Lilipokuwa limezikwa, bomba lilikuwa mali ya Wizara ya Mambo ya Chini ya Ardhi. Lilipofunuliwa, Wizara hiyo ilinawa mikono, kwa hoja nzito kwamba kitu kinachoonekana hakiwezi kuwa chini. Wizara ya Mambo Yanayoonekana ilikuja kulitazama, ikasema halipendezi, ikaondoka. Bomba likabaki bila mwenyewe duniani isipokuwa Mzee Lukindo.

*

Mzee Lukindo alikuwa Mlinzi wa Bomba Daraja la Nne. Daraja la kwanza, la pili na la tatu hayakuwahi kuwa na watu. Alipelekwa kijitoni kwa wiki mbili. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

Kanuni zilikuwa wazi. Mlinzi haachi bomba mpaka mpokeaji wake afike na kutia saini kitabu cha makabidhiano. Na mpokeaji alikuwa ameshateuliwa. Kila mwezi wa kwanza Mzee Lukindo alipata barua ya kumhakikishia hivyo. "Mpokeaji wako yuko njiani," ilisema, na kumtakia mwaka mpya wenye uwajibikaji.

Alikuwa na binti, Namkunda, aliyeolewa huko chini, mwendo wa nusu siku kufuata kijito. Namkunda alichota maji ya kunywa katika kijito hichohicho. Alikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye babu yake hajawahi kumwona, kwa kuwa bomba lilizungushiwa uzio wenye kibao: ENEO NYETI. WAGENI RASMI TU. Mzee alimjua mjukuu kwa unyayo. Kila mwaka Namkunda alimsimamisha mtoto juu ya karatasi, akauzungushia mguu penseli, akampa muuza mkaa ailete, ili babu apate kipimo cha viatu. Karatasi nne zilikuwa zimebandikwa ukutani kibandani, kuanzia unyayo unaotosha kiganjani hadi unyayo wa mtu anayekimbia.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Jina langu ni Sikudhani, na likizo zote nilibaki shuleni peke yangu. Baba alikuwa balozi wetu katika nchi fulani ambayo mwaka wa pili wa ubalozi wake iliungana na jirani yake ikakoma kuwepo. Hakuna aliyemwandikia arudi. Aliendelea kupandisha bendera, Mama akimshikia kamba. Niliwahi kumwandikia mimi, kwa niaba ya Waziri, barua ya kumrudisha nyumbani, na nikaichongea mhuri kwa kiazi mviringo. Alijibu kwa kadi ya posta: "Mwanangu, mhuri wa serikali haunuki. Soma kwa bidii."

*

Likizo ya Juni matroni aliniachia ufunguo wa jiko na gunia la viazi, akaenda kwao. Siku ya tatu nikasikia mtu anabisha hodi mlangoni mwa bweni. Alikuwa mzee mrefu mwenye sikio moja jeusi kwa kutu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Samahani kwa usumbufu. Ni nani amebaki humu?"

"Ni mimi tu."

"Nilijua. Siku ya tatu leo nasikia mmoja. Asubuhi saa moja, jioni saa kumi na mbili." Akasita. "Na siku ya pili nikasema, huyu mtu hali vizuri. Ni viazi?"

Tangu kidato cha kwanza sikuwa nimeona haya. Siku hiyo niliziona zote kwa pamoja.

"Kumbe unasikiliza bomba, mzee?"

"Kuna redio nyingine?"

Nikamfuata kijitoni. Nilipita chini ya uzio, pale bomba linapopita, bila kuvunja sheria yoyote: kibao kiliwakataza wageni, nami katika bomba lile sikuwa mgeni, nilikuwa mchangiaji. Mzee alinionyesha mahali pa kuweka sikio. Alilijua bomba kama watu wengine wanavyojua kalenda. Jumapili lilivuma kwa maji ya kufulia. Asubuhi ya mtihani wa taifa halikupumzika. Sikukuu liliguna kwa shibe. Kiwanda cha mjini kilipofungwa, yeye alikuwa wa kwanza kujua: likawa linanong'ona wiki nzima.

"Na hapa?" nikauliza. Katikati ya kijito, bomba lilikuwa na kiungo kilichofungwa bati na waya, na chini yake shimo la maji meusi.

"Hapo ndipo roho yangu ilipo," akasema. "Mvua za vuli huleta magogo. Gogo moja likipiga pale, limekwisha. Nalo likikatika, Namkunda atachota nini? Ataichota shule yenu na mji wenu, na yule mtoto atakunywa."

Alikuwa ameomba mawe. Malori matatu ya mawe na wavu wa waya wa kuyafunga, basi. Aliomba kila mwaka, na mwaka ule Wizara ilimjibu. Aliitoa barua ndani ya kofia.

"Mawe ni ujenzi," ilisema. "Ujenzi hauanzi bila jiwe la msingi. Jiwe la msingi haliwekwi bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi haji bila mwaliko. Mwaliko hautolewi na mlinzi, hutolewa na Kamati ya Mapokezi. Tafadhali usituandikie tena mpaka utakapokuwa kamati."

Nikaisoma mara mbili. Jikoni nilikuwa na gunia zima la viazi.

"Mzee," nikamwambia, "kamati imetimiza akidi."

*

Mgeni wa kwanza alikuwa Katibu Msaidizi wa Matarajio ya Mvua. Nilimpokea kama mwenyekiti, nikamkaribisha kama katibu, kisha nikamwimbia kama kwaya, sauti ya kwanza na ya nne kwa zamu. Hakuona upungufu. Alikuja na magari sita, na jiwe la msingi lenye ukubwa wa mto wa kulalia, limechorwa jina lake kwa herufi za dhahabu.

Yafaa nieleze. Hapa kwetu kiongozi hafiki mahali bila kuweka jiwe la msingi, hata akija kutazama tu. Na hawezi kulitumia jiwe la mwenzake, kama mtu asivyoweza kutumia mswaki wa mwenzake. Kila cheo kina saizi yake: katibu msaidizi, mto; katibu, meza; naibu waziri, mlango; waziri, godoro la watu wawili.

"Ndugu wananchi," alituhutubia mimi na Mzee Lukindo, "maji ni uhai. Na majitaka ni maji ambayo yameshaishi. Tuyaenzi!"

Jiwe liliwekwa ukingoni kabisa ili katika picha bomba lionekane nyuma yake. Magari yakaondoka. Kabla vumbi halijatua, ukingo ukakatika, na jiwe la serikali likaserereka na kutumbukia kijitoni.

Tulishuka tukikimbia. Kuzamisha jiwe la msingi kulikuwa na kifungo, na nilishaanza kufikiria gerezani kuna likizo gani. Lakini Mzee alisimama ghafla, maji yakimfika magotini. Jiwe lilikuwa limejilaza chini ya nguzo ya kwanza, jina likiwa limeangalia chini. Maji yaliyokuwa yakiichimba nguzo ile kwa miaka kumi na moja yalifika pale, yakasita, yakapita pembeni.

Mzee aliyatazama kwa muda mrefu.

"Huyu bwana amefanya kazi," akasema.

"Katibu Msaidizi?"

"Jiwe lake."

*

Kuanzia siku ile kamati haikulala. Ilikuwa inagundua mambo kuhusu mawe. Nilimwandikia Katibu wa Matarajio kwamba msaidizi wake ameacha kumbukumbu ya kudumu mahali ambapo yeye mwenyewe hajakanyaga. Alifika ndani ya siku nne, na meza. Nikamwandikia Naibu Waziri kwamba Katibu amekuja na jiwe ambalo watu wengine, wasiojua taratibu, wamelifananisha na mlango. Huyo alifika kesho yake.

Mzee aliweka alama ya chokaa mahali pa kila jiwe. "Hapa ndipo penye mwanga mzuri wa picha, Mheshimiwa," alisema, na wote waliafiki, kwa kuwa ni kweli mwanga ulikuwa mzuri. Magari yakishaondoka, alichukua mtaimbo, nami nikasukuma. Tulihakikisha majina yanaangalia chini, yasichafuke. Shule ilipofunguliwa nilianzisha Klabu ya Usafi na Mazingira, mwanachama mmoja, ikakutana kijitoni kila siku wenzangu walipokuwa wakicheza netiboli.

Kufikia Oktoba tulikuwa na wageni kumi na saba. Mkurugenzi wa Mipaka alilisalimia bomba kwa mkono. Waziri wa Mambo Yanayoonekana alifumba macho wakati wote ili asije akawajibika. Mwingine alilia kwa uchungu wa taifa, akapiga picha, akalia tena kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Walikula biskuti za kamati. Walimsukuma Mzee Lukindo nje ya picha kwa upole. Kati ya watu wote hao, pamoja na madereva na wabeba miavuli, hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina lake. Niliwahesabu, kwa hiyo najua.

Jioni wakishaondoka, kimya cha kijitoni kilikuwa kizito kuliko kabla hawajaja. Mzee alifagia makaratasi ya biskuti. Kisha aliketi kwenye kigoda chake na kuweka sikio.

"Wanaoga," alisema siku moja. "Bweni la pili wanaimba."

"Wimbo gani?"

"Bomba halichukui maneno."

*

Mawe kumi na saba yalizunguka nguzo zote mbili na kuufunika ukingo. Lilibaki shimo la katikati, chini ya kiungo. Meza zilikuwa zimemezwa humo. Mlango ulikuwa umepotea. Shimo lilitaka godoro.

Godoro la Waziri wa Mambo Yanayoonekana tulikuwa tumelitumia ukingoni. Akabaki mmoja aliyekuwa na sababu: Waziri wa Mambo ya Chini ya Ardhi, Mheshimiwa Profesa Sekulamba, aliyelikana bomba siku lilipofunuliwa. Nilimwandikia mstari mmoja tu. Nilisema mwenzake ameweka jiwe mahali palipokuwa pake.

Alifika wiki ya kwanza ya Novemba. Milimani mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi kama masufuria ya shule. Jiwe lake lilikuja juu ya lori lenye winchi, na Mzee Lukindo akalitazama kama bwana harusi anavyotazama mlango ukifunguliwa.

Profesa Sekulamba hakutaka picha kwanza. Alitembea huku na huku ukingoni akitafuta kitu.

"Mawe ya wenzangu yako wapi?"

Kalamu yangu ya ukatibu ilianguka.

"Yako kazini, Mheshimiwa," akasema Mzee Lukindo.

Waziri aliinama, akaiona migongo ya mawe majini. Shingo yake ilivimba taratibu.

"Nani ameyatupa?"

Mzee alifungua kinywa kukiri, nilimwona. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nikawahi.

"Yameshushwa, Mheshimiwa, kwa kufuata vyeo. Msingi ni kitu cha chini. Kadiri jiwe linavyokwenda chini ndivyo linavyokuwa msingi zaidi. La Waziri wa Mambo Yanayoonekana liko juu pale ukingoni, maskini, karibu kabisa na nje."

Profesa Sekulamba alilitazama godoro la mwenzake. Kisha akanitazama.

"Na pale?" Alionyesha shimo.

"Pale hakuna aliyethubutu, Mheshimiwa. Ni chini mno. Pametengwa kwa mtu ambaye chini ni fani yake."

Alivua miwani, akaifuta.

"Maisha yangu yote," akasema, "nimedharauliwa na watu wa juu." Akageukia winchi. "Shusheni."

Tone la kwanza la mvua lilianguka jiwe likiwa hewani. Lilishuka polepole, herufi za dhahabu zikiwaka, Mzee akiongoza kwa mikono miwili huku maji yakimfika kifuani, na likaingia shimoni kama mguu kwenye kiatu cha kipimo chake. Waziri alihutubia nusu saa chini ya miavuli mitatu. Alisema mvua imekuja kumsikiliza. Mafuriko nayo yalikuja kumsikiliza, na magari ya msafara yakapanda kilima bila kuaga.

Mimi na Mzee tulibaki tukitazama. Gogo la kwanza lilikuja likijipindua, refu kama nguzo ya simu. Likapiga jiwe la Mambo ya Chini ya Ardhi, likazunguka, likapanda mgongo wa Mkurugenzi wa Mipaka, likapita. La pili likafuata njia hiyohiyo. Bomba halikutikisika. Mzee alilala juu yake kifudifudi, akaweka sikio.

"Vipi?" nikapiga kelele.

"Wanaoga," akasema, na uso wake ulikuwa umelowa kuliko mvua inavyoweza kulowesha mtu. "Wanaoga, hawajui kitu."

*

Desemba Wizara ilitangaza kwamba bomba sasa limefunikwa na mawe, hivyo halionekani, hivyo hakuna tatizo linaloonekana. Wageni walikoma. Njia ikaota nyasi. Wasichana walifunga masanduku wakaenda kwao, matroni akanipa ufunguo na gunia.

Mzee Lukindo alikuwa amepokea karatasi ya tano. Unyayo ulikuwa umevuka ukingo wa karatasi. Kidole gumba kilibaki nje, na Namkunda alikuwa amekimalizia nyuma.

"Sasa bomba liko salama, mzee. Si uende tu?"

"Mpokeaji hajafika."

"Miaka kumi na moja."

"Nikiondoka bila makabidhiano, binti, wataandika kwamba bomba halikuwa na mtu. Halijawahi kuwa bila mtu."

Nikarudi bwenini. Nilichagua kiazi kizuri, nikachukua wembe, na niliandika barua ile kwa uangalifu kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika. Nilipofika mahali pa jina la mpokeaji nilikaa muda. Lazima liwepo jina, na lazima mtu huyo afike kweli. Niliwapitia watu wote ninaowajua waliokuwa karibu. Haikuchukua muda mrefu.

Asubuhi nilimpelekea. Aliisoma amesimama. Aliisogeza karatasi puani, akanusa mhuri, kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama jiwe lolote.

"Huu mhuri unanuka kiazi."

Nikangoja. Nilikuwa nimeshaijua sentensi inayofuata. Ninayo kwenye kadi ya posta.

"Basi," akasema, akiikunja barua na kuiweka ndani ya kofia, "hata serikali nayo hula."

Akafungua kitabu cha makabidhiano. Nikatia saini chini ya jina lake. Alinikabidhi mtaimbo, kigoda na chokaa, akabandua nyayo tano ukutani moja baada ya nyingine, na akashuka akifuata kijito, akitembea upande ule maji yanakoelekea. Penye kona aligeuka.

"Na wewe utasikilizwa na nani?"

Nilimwambia shule itafunguliwa mwezi wa kwanza. Akatikisa kichwa, akaendelea.

*

Nilituma nakala ya barua Wizarani, kwa ajili ya ukamilifu tu, na kwa sababu mzaha usiofika kwa mwenyewe si mzaha. Majibu yalikuja haraka kuliko barua yoyote katika historia ya hapa kwetu. Mhuri wake haukunuka. Yalithibitisha uteuzi wa Sikudhani kuwa Mlinzi wa Bomba Daraja la Nne, yakamkumbusha kwamba haruhusiwi kuacha bomba mpaka atakapopokelewa, na kumtakia mwaka mpya wenye uwajibikaji.

Muuza mkaa ameleta karatasi. Ni unyayo mdogo ndani ya kiatu, na pembeni yake unyayo mkubwa wa mzee, zote kwa penseli moja. Nimeibandika ukutani pale palipokuwa na zile nyingine.

Mawe yameshika. Maji ya huko chini kwa Namkunda ni safi. Kazi yenyewe si ngumu, ila kuna jambo moja la kiufundi. Shule ikiwa imefungwa, saa moja asubuhi navuta mnyororo wa choo bwenini, kisha nashuka kilima mbio, hatua mia nne, naruka uzio, naweka sikio. Kila siku nachelewa. Maji yamekwishapita, na bomba ni baridi. Nimejaribu kukimbia pekupeku. Nimejaribu njia ya mkato ya nyuma ya jiko.

Nimeiandikia Wizara, safari hii kwa mhuri halali, nikiomba mtu mmoja tu wa kuvuta mnyororo nikiwa huku chini. Wamejibu kwamba ameshateuliwa, na yuko njiani.